Mstari Unaoshuka

Miaka ile ya hamsini, yule mwalimu wa hesabu wa Nakuru hakujua kutulia: chaki ikirukaruka kiganjani, macho yakikimbilia dirishani kutafuta wingu. Ubaoni alichora grafu, majuma ya kiangazi yakienda kulia, vipimo vya maziwa ya ng'ombe vikipangwa wima, na mstari ukishuka tu. "Msichore msichopima," ndilo lilikuwa neno lake la kila siku. Akauliza, "Haya, mstari unatuambia nini?" Chepchirchir, mmoja wa wanafunzi, akainuka, akagusa ubao chini kabisa. "Ukifika hapa, mwalimu, baba anahamisha ng'ombe, na mimi naenda nao. Shule basi." Chaki ikatulia. Kisha mwalimu akauendeleza mstari kule ambako hakuna aliyepima, akaupandisha juu.