Sauti ya Pili Chini ya Bati

Enzi zetu pale Busunzu, mvua ya nyumbani haikuwa mvua ya shuleni. Nyumbani iliangukia paa la nyasi, ikanong'ona. Shuleni iliangukia mabati mapya tuliyojivunia, na mwalimu akabaki anachezesha midomo. Sisi wa nyuma tulifurahi. Nani angetuadhibu kwa swali ambalo halikutufikia?

Dada yangu Skola lilimfikia. Alikuwa mwanakwaya, na mwalimu wa kwaya alikuwa na utaratibu wake: mwenye sauti ya pili, kama Skola, alimsimamisha katikati ya wenye sauti ya kwanza, wavulana wakipiga ngoma nyuma yake. "Usizibe masikio," alimwambia. "Mtafute mwenzako humo humo."

Baba hakuipenda kwaya. "Wimbo haupaliliwi wala hauvunwi," alisema. "Maharage yakianza kuchanua, kwaya basi." Skola alisukuma sahani ya ugali wa muhogo, akatoka nje. Mama alimwombea kwa baba amalize mwaka.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa kugawa mashamba ya bondeni. Mvua ikawakimbiza wote darasani, nasi watoto tukabanwa humo. Mwenyekiti alisoma majina; bati likanguruma, watoto wachanga wakalia. Baba aliinama mbele, kiganja sikioni.

"Amenitaja?"

"Amekutaja, baba," Skola akamwambia sikioni. "Kipande cha tatu kutoka mferejini. Asiyefika kesho asubuhi, chake anapewa mwingine."

"Una hakika, mwana wanje?" akauliza kwa Kiha, yaani mwanangu.

"Nina hakika."

Jirani yetu Mzee Kagoma akacheka. "Kasikia wapi huyo? Mimi niko mbele yenu na nasikia bati tu."

Alfajiri baba alishika njia ya bondeni. Nyuma yake alikuja Mzee Kagoma, na jembe begani. "Nanyoosha miguu," alisema. Wote wawili walipata vipande vyao.

Alhamisi iliyofuata, siku ya mazoezi ya kwaya, maharage yakiwa yamechanua, alimpokonya Skola jembe. "Nenda. Watakukosa."

Baadaye nilisoma kwamba waliofunzwa muziki mara nyingi hufuata maneno vizuri zaidi penye kelele. Wataalamu bado wanabishana: ni mazoezi yanayonoa masikio, au wenye masikio makali ndio wanaopenda muziki? Mimi naeleza nilichokiona tu.

Skola aliolewa mbali, Munanila. Baba akazeeka, akaacha kwenda mikutanoni. Tukimhimiza, alijibu, "Niende kusikiliza bati?"

Vijana wa leo wana muziki kutwa, wameuchomeka masikioni, ukimwita mmoja uani kwenye utulivu, anakujibu, "Eti?" Siwalaumu sana. Katika harusi zao, maspika yakinguruma, nami huona midomo tu. Nacheka wanapocheka wengine, kisha nageuka pembeni kuuliza kilichosemwa, na ninayemgeukia naye ananiuliza mimi.