Nilivyompeleka Mbuzi Mwenye Mimba Emali

Nilitoka Kanyangi kwa sababu ya goti langu na mdomo wa Muthoka. Goti la kulia lilikuwa limevimba, linawaka moto, na mimi mjane ninategemea jembe. Jumapili hiyo Muthoka, mzee wa kanisa letu, akasimama kushuhudia: Daktari Kasyoka wa Emali amemdunga sindano, goti lake limepona kabisa. Tukaimba mpaka vumbi likainuka. Sharti lilikuwa moja, mgonjwa aende na mbuzi wake mwenye mimba. Njaa ya gorogoro, ile ya unga kupimwa kwa kopo, iliniachia mbuzi mmoja tu, naye alikuwa na mimba. Nikamfunga kamba.

Asubuhi nilipanda lori la wachuuzi wa mifugo. Kufika Matiliku, dereva akaniuliza, "Mama, huyo unauza?"

"Huyu ananiponya goti."

"Basi akuponye hapa hapa, lori lipungue mzigo!"

Nilimtukana. Leo ningemnunulia chai.

Emali, mchana. Kasyoka alikuwa na koti jeupe na chumba nyuma ya hoteli ya ndugu yake. "Karibu, mwaitu," akaniita mama yake, mwizi yule. Akanieleza kwamba mtoto aliye tumboni ana seli changa, ambazo bado hazijaamua zitakuwa mfupa au nyama. Zikiingia kwa goti zinazima uvimbe na kushona palipochanika. "Zinakuwa goti jipya!"

Kwetu mbuzi mwenye mimba hachinjwi. Niliangalia ukutani akimchinja. Akamponda yule mtoto, akavuta maji yake kwa sindano ambayo hata hakuichemsha, akanidunga. Jioni kwa ubao wa hoteli waliandika: mbuzi ipo.

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri, homa ilikuwa imenishika. Goti likatoa usaha. Hospitali ya misheni wakalipasua mara mbili, nikaponea chupuchupu, lakini mguu haukunjiki tena. Daktari wa pale alikasirika kuliko mimi.

"Seli za mbuzi haziwezi kuwa goti la mtu, mama. Mwili unazipiga vita. Hata za binadamu, wataalamu bado wanachunguza. Na wewe umedungwa uchafu!"

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa Muthoka. Nilimkuta uani na fimbo mkononi, anachechemea.

"Mzee, si ulisema umepona?"

"Nilishuhudia kwa imani, dada. Ndivyo tunavyofanya. Unashukuru kwanza, uponyaji unafuata."

"Na mbuzi wangu je, atafuata?"

Akageuka, akachechemea hadi ndani.

Jumapili nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nikawataja wote wawili, Kasyoka aliyenidunga na Muthoka aliyenituma. Watu wakaguna, mwingine akasema nimeingiwa na shetani. Nikasema sawa, basi Mzee Muthoka apige magoti hapa mbele, aniombee. Alishika benchi, akajaribu, akabaki amesimama.

Hilo ndilo nililojifunza safarini. Mtu akisimama kusema goti lake limepona, mwambieni apige magoti kwanza. Kuimba kutafuata.