Samaki Weusi wa Mukwe

Mtoto wa samaki wa dhahabu hazaliwi na dhahabu yake. Naanza na hilo kwa sababu wengi huona watoto wametoka na rangi ya matope, wakadhani wamedanganywa, wakamwaga wote. Usimwage. Akitoka kwenye yai anafanana na kipande cha uzi chenye macho. Akikua anakuwa kahawia iliyochanganyika na kijani, na anaweza kukaa hivyo miezi. Kisha, kabla ya kugeuka, anazidi kuwa mweusi, na hapo ndipo mfugaji hukata tamaa. Vumilia. Tumbo litaanza kung'aa, rangi itapanda ubavuni polepole, na weusi utakimbilia mgongoni na kwenye ncha za mapezi. Wachache hawageuki kabisa, nao ni samaki wazima tu.

Sikujua lolote kati ya hayo siku kijana aliyetaka kunioa alipoingia kwetu Mulongwe, kando ya ziwa, na beseni.

Alikuwa mtunza bustani kwa afisa mmoja Mbelgiji. Baada ya uhuru yule afisa alifunga masanduku akaenda zake, akaacha nyuma ya nyumba kisima kidogo cha saruji chenye samaki wekundu. Kijana aliendelea kuwalisha, nao wakataga. Alipokuja kujitambulisha kwetu aliwaambia wazee kwamba bado hana mengi, ila ataleta zawadi ambayo hawajawahi kuiona: samaki wa rangi ya makaa yanayowaka. Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya ndoa yangu. Alifurahi, akawaita majirani waje siku hiyo.

Kitambaa kilipoondolewa, ndani ya beseni vilikuwamo visamaki vya kahawia, vidogo kama kidole.

"Mukwe," shangazi alisema, "hii iko makaa gani? Hii imekwisha kuzimika."

"Mama, wangali watoto. Watageuka."

"Minye nilizaliwa hapa ku maji. Ngege ninajua, kambale ninajua. Samaki mwenye kubadilisha nguo, sijamuona."

"Leta mafuta," jirani mmoja akaniambia, "tukaange mahari yako."

Wakacheka wote. Kijana naye alijaribu kucheka. Shangazi akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Basi, tunangoja. Siku samaki zako zitavaa nyekundu, weye utarudi. Kabla ya hapo usikanyage hapa."

Ulikuwa mzaha. Lakini mzaha wa shangazi ukisemwa mbele ya wazee unakuwa amri, na hakuna aliyeuondoa. Ndoa yangu ikabaki ndani ya lile beseni.

Kazi yangu ikawa kuwatunza. Na ilinipasa kuwatunza kwetu, mahali ambapo samaki hutolewa ziwani na kuwekwa sufuriani. Nilipotafuta viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi, wasichana wenzangu waliniuliza kama samaki wangu wameshakula, wameshaoga, wamelala vizuri. "Sisi samaki wanatulisha, weye unawalisha." Walisema kwa kucheka tu. Mimi uso uliniwaka. Nikalichukua beseni nikaliingiza jikoni, nyuma ya magunia ya muhogo, penye giza, wasilione wapitao.

Nilimwona kijana mtoni nilipokuwa nikifua. Alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyekatazwa.

"Wamebadilika?"

"Bado."

"Uliwaweka ku jua? Bila jua na maji ya moto-moto wanachelewa."

"Wako uani," nilisema. "Jua linawapiga siku nzima."

"Basi labda iko wale wenye hawageuki," alisema. "Labda niliwadanganya wazazi wako bila kujua." Niliona mabega yake yakishuka. Ningeweza kusema neno moja tu. Nikaendelea kusugua shati ambalo lilikuwa limeshatakata.

Kisha uasi ukaanza bondeni. Ndugu zetu wa upande wa Mutarule walikimbia vita, wakafika kwetu na mikeka vichwani, na nyumba ikajaa mpaka jikoni pakawa pa kulala. Shangazi mwenyewe alilivuta beseni akalitua uani, juani, akilalamika kwamba watu hawana nafasi na samaki wanayo.

Baada ya muda samaki wakawa weusi kama masizi. Nikajua yamekwisha. Halafu asubuhi moja mgeni mmoja, mama mzee, aliniita nione. Tumbo la mmoja lilikuwa na rangi ya mawese. Baadaye wakafuata wengine, na shangazi akawa anachuchumaa pale kila anapopita, mpaka siku aliyosema, "Mwambie muntu wako akuje. Hakusema uongo."

Alikuja siku ileile, viatu vimepigwa rangi. Uani kulikuwa na ndugu zetu wote. Aliinama juu ya beseni, akacheka peke yake kwa furaha. Kisha akakunja uso.

"Kama walikuwa ku jua tangu mwanzo, mbona wamechelewa hivi?"

Kabla sijafungua mdomo shangazi akajibu, kwa wema kabisa. "Jua gani? Walikuwa jikoni, nyuma ya mihogo. Minye ndiye nimewatosha mule, nikawaweka hapa inje, tulipokosa nafasi."

Kijana alinitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Si samaki ulikuwa unaficha," alisema, taratibu, nisikie mimi tu. "Ulikuwa unanificha minye."

Sikukana. Shangazi alikuwa akiniagiza kiti cha mgeni. Nilikileta, nikakifuta vumbi kwa kitenge changu, nikakiweka karibu na beseni, katikati ya uani, mbele ya watu wote. Kijana alisimama kando yake. Nami nikabaki nimekishika kwa mikono miwili, nikingoja kuona kama atakaa.