Mabua ya Hewani

Juzi niliingia kwenye mkutano wa kijiji kimoja njia ya Hombolo. Fundi kutoka mjini, antena mkononi, alikuwa anaeleza kwamba masafa ya televisheni yasiyotumika huku yanaweza kubeba intaneti ya kijiji kizima. Muuguzi wa zahanati, ambaye hupanda kichuguu na simu yake kusaka mtandao kila anapotaka kuita gari la wagonjwa, akapiga makofi peke yake.

Mama mmoja akasimama, akajifunga khanga upya kiunoni.

"Mwanangu, hayo masafa yana mwenyewe?"

"Yana mwenyewe, mama, ila yeye huku hayatumii."

"Basi ni mabua."

Watu wakaguna kukubali. Huku ukishavuna, ng'ombe wa yeyote huingia shambani mwako kula mabua, na mvua zikikaribia ng'ombe hao huondolewa ili ulime.

"Umepatia, mama!" fundi akachangamka. "Mwenyewe akirudi, mtambo wetu wa intaneti unahama wenyewe."

"Unahamia wapi?"

"Kwenye masafa mengine matupu."

"Na yote yakiwa yamelimwa?"

Fundi akaitazama antena yake, kisha akatazama juu, kana kwamba mashamba yangeonekana. "Haiwezi kutokea."

"Hata yule ambaye ng'ombe wake walimaliza mtama wangu alisema hivyo hivyo. Leteni, ila mje na mtu wa kuichunga."

Mwenyekiti akaitisha kura, mikono ikanyooshwa. Hata mimi mgeni nilinyoosha wangu, bila kujua tunapitisha nini.

"Kwa hiyo imepita?" muuguzi akaninong'oneza.

Nikamwambia sijui. Akachukua simu yake, akaelekea kwenye kichuguu.