Virusi Iliyoijua Kwaya Yetu

Hakukuwa na virusi. Nalisema hilo kwanza kabla sijapata nafasi ya kujihurumia, kwa sababu kwa miaka miwili nimewaambia walimu wenzangu, mume wangu, dada yangu wa Bukama, na hata mama mmoja aliyeniuliza sokoni nikichagua nyanya, kwamba siku ile ya mtihani kompyuta zetu ziliingiliwa na virusi, na kila nilipoisimulia virusi hiyo ilizidi ukali, hadi mwaka jana ikawa imetoka ng'ambo. Swali lile niliandika mimi. Niliandika kwa vidole vyangu, nikiwa nimeshiba, nikicheka peke yangu.

Mimi ni mwalimu katika taasisi ya ualimu hapa Kamina, na somo langu (msicheke mapema) ni tathmini, yaani nawafundisha walimu wa kesho jinsi ya kutunga mitihani. Miaka mingi nimesimama mbele ya ubao nikirudia kwamba swali zuri la kuchagua lina jibu moja tu lisilobishaniwa, na kwamba mtunzi mzembe ni hatari kuliko mwanafunzi mvivu. Basi taasisi ilipopata plateforme, lile jukwaa la mtandaoni ambapo mwalimu anaweka mtihani, mwanafunzi anajibu kwa simu yake na mashine inasahihisha yenyewe, mkuu wa section, yaani idara yetu, ambaye sote tunamwita Papa Chef, aliuliza mkutanoni nani atakuwa wa kwanza kuitumia, na mimi nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Sikujua chochote. Nilijua tu kwamba wenzangu wananiangalia.

Trésor, fundi wetu wa kompyuta, mtu wa rika langu mwenye subira ya mvuvi, alinikalisha siku moja akanionyesha. Maswali yote yanawekwa kwenye sanduku, akasema, na ndani ya sanduku unaweza kuweka visanduku vidogo, kisha unauambia mtihani uchote maswali ishirini sandukuni na kuyachanganya, kila mwanafunzi na mpangilio wake, ili jirani asinakili. Halafu akaniambia niandike swali lolote la kujaribia, nami nikaandika lililokuwa moyoni.

Lazima niwaambie habari za kwaya. Papa Chef anaimba sauti ya nne katika kwaya ya misa ya kwanza, nami naimba sauti ya pili, mstari wa mbele yake, kwa hiyo ninachokisimulia nimekipokea kwa shingo yangu. Sauti yake hufika kabla ya wimbo na kuondoka baada ya wimbo. Parokia nzima inajua, na parokia nzima imenyamaza, maana ni mkubwa, ni mtu wa watu, na nani ataanza? Basi nikaanza mimi, kwenye plateforme. Nikaandika: «Nani anayeharibu nyimbo za kwaya yetu?» A, kinanda. B, wamama wanaochelewa. C, Papa Chef. D, hakuna. Nikaweka alama kwenye C, na kwa kuwa kuna mahali pa kuandika ujumbe ambao mwanafunzi ataupata akimaliza, nikaandika: «Sawa kabisa. Hata marehemu wetu nyuma ya kanisa wanalijua hilo.»

Trésor alicheka hadi akavua miwani, kisha akaacha kucheka.

«Mama Prof, hiyo uifute leo,» akasema. «Machine haijuake mchezo.»

Sikuifuta. Lilikuwa swali zuri mno (mtunzi akimpenda mtoto wake mtafanyaje), nikaliweka kwenye kisanduku kidogo nilichokiita Majaribio, nikidhamiria kumwonyesha dada yangu akija kwa Pasaka. Pasaka ikaja, dada hakuja, na swali likakaa humo kimya likiningoja.

Siku ya mtihani nilivaa kitenge changu cha sikukuu. Wanafunzi thelathini na nne walikuwa wamekaa ukumbini, kila mmoja na simu yake imejaa moto wa betri na mega za intaneti amezinunua mwenyewe, na Papa Chef mwenyewe alikuwa amekuja kufungua tukio, amevaa koti, ametoa hotuba fupi (dakika ishirini) kuhusu Kamina kuingia katika dunia mpya. Ikafika saa tatu kamili. Wakabonyeza. Mtihani ukawajibu kwamba utafunguliwa saa tatu.

Lakini ni saa tatu, wakasema. Nikaangalia saa ya ukutani, nikaangalia simu yangu, na jasho la kwanza likashuka mgongoni, maana hapo ndipo nilipokumbuka kwamba plateforme ilitengenezwa na watu wa Kinshasa na inahesabu saa ya Kinshasa, ambako wakati huo ilikuwa bado saa mbili, wenzetu wanakunywa chai. Sisi wa upande huu tumezoea kuongeza saa moja kwa taarifa ya habari ya redio, lakini nani angefikiri kuiongezea na mtihani? Mega za wanafunzi zinaliwa, Papa Chef anatabasamu akinisubiri, nami nikaikimbilia kompyuta ya mbele, nikabadilisha saa, nikawaambia wabonyeze tena. Ukaja ujumbe mwingine: maswali sandukuni hayatoshi.

Nilihesabu. Kumi na tisa. Mwalimu wa tathmini, aliyenyoosha mkono mbele ya wote, alikuwa ametunga maswali kumi na tisa akidhani ni ishirini. Ningeweza kuandika la ishirini, lakini ukumbi ulikuwa umeanza kuvuma kama mzinga, na pale pembeni ya skrini nikaona kijisehemu cha kuweka alama, kimeandikwa kwamba ukitaka uchote pia kwenye visanduku vidogo. Nikasema moyoni, hii ndiyo akili ya mashine, inanisaidia. Nikaweka alama. Ishirini yakatimia. Mtihani ukafunguka, nami nikakaa nikijifuta uso kwa leso.

Kwa dakika nne nilikuwa mwanamke mwenye furaha.

Kisha kijana wa mstari wa tatu akacheka puani. Nikamkazia macho. Baada ya muda mama mmoja karibu na dirisha akainama akajifunika mdomo, halafu wawili nyuma, halafu mmoja kule mlangoni, na mnakumbuka kwamba mashine inachanganya mpangilio, kwa hiyo swali lilikuwa linawafikia mmoja mmoja, kwa zamu, kicheko kinapasuka hapa, kinazimika, kinapasuka pale, na kila aliyecheka aliinua macho kwanza kwa Papa Chef, kisha kwangu. Ndipo nilipokumbuka kisanduku. Niliirudia kompyuta nikatafuta pa kukifungia, mashine ikaniambia kwa adabu kwamba mtihani ukishaanza maswali hayabadilishwi.

Papa Chef, masikini, alidhani wanafurahia dunia mpya. Akaanza kupita katikati ya madawati, mikono nyuma, akiinama kuangalia, na kila alipoinama mwanafunzi aliibana simu kifuani kama mama anayemkinga mtoto na upepo. Hadi akamfikia yule wa kwanza aliyemaliza, ambaye simu yake ilikuwa mezani, wazi, na ujumbe wangu juu yake. Alisoma. Alivaa miwani akasoma tena. Akairudisha simu taratibu mahali pake, akasema, «Iko muzuri,» na kuelekea mlangoni.

«Ni virusi, Papa Chef,» nikasema mimi, mbele ya watu thelathini na nne, kwa sauti ambayo sijawahi kuipata hata kwenye kwaya.

Trésor alinisubiri kwenye baraza. «Mama Prof,» akasema, «virusi yenye inajua kwaya ya misa ya kwanza? Iyo virusi ilibatizwa wapi?» Nikamwambia kwamba dunia imebadilika. Hakunisema popote, lakini tangu siku hiyo kila nikipiga chafya ofisini ananiuliza kama ni ile.

Mngedhani aibu iliishia hapo, na mimi nilitamani hivyo. Lakini mashine ilikuwa imesahihisha. Kwenye ubao wa matangazo pointi zilibandikwa, na nilipokagua swali langu nikakuta thelathini na watatu wamechagua C (katika maisha yangu yote ya kutunga sijawahi kupata swali lililoeleweka namna ile), na mmoja tu amechagua D, hakuna. Huyo mmoja alikuwa Béatrice, mke wa askari wa kambini, mwenyeji wa mbali, mkoa wa Équateur, na jumla yake ilikuwa tisa kwa ishirini. Ili kupita unahitaji kumi. Alikuwa ameanguka kwa pointi ile ile.

Ningelifuta swali, wanne waliopata kumi kamili wangeanguka naye. Ningempa pointi, ingebidi niandike sababu, na Papa Chef aisaini, na sababu yenyewe ingekuwa kwamba swali ni langu. Na mume wa Béatrice alikuwa amehamishwa. Familia nzima inaondoka Jumatatu kwa ndege ya jeshi, na bila karatasi ya kupita, huko waendako angeanza mwaka upya, yeye aliyesoma na watoto wanne mgongoni na meza ya samaki kwenye soko la kambi.

Jumamosi alikuja nyumbani. Alileta samaki wakavu wa Kinkondja wamefungwa katika gazeti, na kabla sijafungua mdomo akasema, «Mama Prof, hii haiko ya pointi. Iko ya kuaga.» Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Hakulalamika, na laiti angelalamika. Nikamuuliza, nikijifanya nachunguza kazi ya virusi, kwa nini alichagua D wakati (nikakohoa) wengine walichagua vingine.

Akafikiri. «Mama-mkwe yangu alikufa kule ku kambi,» akasema. «Sisi bageni, hatuna famii hapa. Ya bantu ba mji, ni kwaya tu njo ilikuya, na Papa Chef aliimba mpaka asubui. Mubaya sana, Mama Prof, sitakudanganya. Lakini alikuya. Sasa minyi naweza kusema anaharibu nini?»

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi ndani, na nyumba nzima ikanuka samaki wa Béatrice. Usiku ule sikula. Miaka yote ile ya kusema jibu moja tu lisilobishaniwa, na swali langu bora kuliko yote lilikuwa na majibu mawili ya kweli.

Jumapili, kwenye misa, Papa Chef alikuja kama kawaida, akasimama nyuma yangu kama kawaida, akafungua kitabu. Hakuimba. Nilisikia pumzi yake tu kwenye shingo yangu, wimbo baada ya wimbo, na kwaya ikaimba vizuri kuliko siku zote, safi kabisa, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Padri mwenyewe baada ya wimbo wa shukrani aliichungulia kwaya, kana kwamba anasubiri mtu amalizie.

Nikaapa pale pale, magoti chini, kwamba sitaandika tena utani mahali penye kitufe cha kuhifadhi. Nimekishika kiapo hicho. Hata orodha ya sokoni naandika kwenye karatasi.

Mchana nikakaa chini ya ukuta wa jikoni na simu mkononi. Nilimpigia Papa Chef nikakata. Nikampigia tena, ikalia mara moja, nikakata. Ya tatu nilikata hata kabla haijalia vizuri, ndipo nikatambua nilichofanya: nimembipa mkubwa wangu. Nimemfanyia kile tunachowafanyia shemeji wenye salio, kwamba unampigia na kukata ili apige yeye kwa gharama yake, na hilo mkubwa hafanyiwi, mara tatu, siku ya Bwana. Simu ikalia mkononi. Ni yeye.

«Mama, unanibipa. Kuko kilio?»

Nikasema hapana, hakuna msiba. Nikamwambia Béatrice ana tisa, anaondoka kesho, na kwamba hakukuwa na virusi. Nilisema yote kwa pumzi moja, kisanduku, Majaribio, dada wa Bukama, marehemu wa nyuma ya kanisa. Upande wa pili nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

«Bangapi balisema ni minyi?» akauliza.

«Thelathini na watatu, Papa Chef.»

«Ku bangapi?»

«Ku thelathini na wanne.»

Nikasikia kiti kikisogezwa.

«Na ule mumoja, ulimupa ngapi?»

«Sifuri, Papa.»

«Sifuri,» akasema polepole, kama mtu anayeonja. «Mama, kesho saa moja ulete karatasi yake ku bureau yangu, nitasaini. Mupe pointi yake. Na bale bengine ubaachie yabo. Habakudanganya.»