Betri ya Nyumba Mbili

Paneli ya sola iliwekwa juu ya nyumba ya mke mwenzangu kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya mabati na yangu ya nyasi. Hiyo ndiyo sababu mume wetu aliyonipa, na ilikuwa ya kweli, lakini ukweli haukunisaidia. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Kwetu, upande wa Rangwe, mikayi ndiye anayetangulia kupanda na kuvuna, wengine wanafuata. Sasa umeme wa jua ulikuwa unaanzia kwa mdogo.

Nilinuna mpaka mume wetu akakata shauri: paneli itabaki kule, ila betri itazunguka. Jioni moja kwangu, jioni moja kwake, na ianzie nyumba kubwa. Basi betri mpya, ile nzito ya gari, ikaletwa kwangu na chaji yake ya dukani, kabla haijaonja jua hata siku moja. Niliwasha taa, nikakaa mlangoni ili wapita njia wanione.

Haikutosha. Jioni za zamu yake niliketi na koroboi yangu inayotoa moshi, nikitazama dirisha lake jeupe ng'ambo ya ua. Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilisikika mpaka kwangu, pamoja na kicheko cha mume wetu. Kicheko kile nilikijua. Kilikuwa changu kabla yake.

Nikaanza kuacha taa ikiwaka zamu yangu, magharibi mpaka kumekucha, hata nikiwa nimelala. Asubuhi nilijitwika betri juu ya ngata, nikampelekea ikiwa tupu, nikamwamkia vizuri kabisa. Ulikuwa msimu wa mvua, na jua la kuijaza halikuwepo. Taa yake ikawa inazimika kabla ugali haujaiva. Mume wetu alikagua nyaya, akapanda juu kufuta paneli, na mimi nikamshikia ngazi.

Wiki hizo mke mwenzangu alimshonea binti yangu sare ya shule kwa mwanga wa koroboi. Upindo ukaenda kombo. Niliuonyesha sokoni kwa kila aliyetaka kuona.

Kisha betri ikakataa kabisa. Mume wetu akaleta fundi wa umeme, naye fundi akaipima pale uani, akatikisa kichwa.

"Hii imemalizwa nguvu mpaka chini, tena mara mingi. Betri haitaki hivyo. Nani alikuwa anaacha taa usiku mzima?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba dirisha langu nalo linatazama kwake. Siku zote hizo mke mwenzangu alikuwa anaiona taa yangu. Niliinamisha kichwa nikingoja anitaje.

"Ni mimi," akasema. "Nikishona usingizi inanichukua. Nisamehe, baba."

Mume wetu alimfokea mbele ya fundi na mbele ya watoto wake. Alikuwa hajawahi kumfokea. Nilikuwa nimeililia siku hiyo tangu aolewe, na sasa ilipofika nilisimama tu nikishikilia ngata yangu.

Alipomaliza kufokewa, mwenzangu alipita karibu nami akielekea jikoni kwake.

"Mikayi," akaniuliza kwa heshima ileile ya kila siku, "koroboi yako iko na mafuta? Yangu imebaki, nikugawie."

Nikamwambia ninayo. Sikuwa nayo. Jioni hiyo nilikaa gizani, nikamwonea wivu kuliko siku zote.