Mashine Iliyokuwa Inauliza

Subira sina, na sijawahi kuwa nayo. Mwaka ule wakimbizi walipojaa Karagwe, nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo iliyoandikisha watoto waliopotezana na wazazi. Majina yote, na kambi aliyopo kila mtoto, yalikuwa ndani ya mashine moja. Karatasi tulizojazia zililowa mvua tukazitupa, tukijiona tumeendelea.

Siku ya tatu sasa mashine inanguruma tu, kioo kimeungua, giza tupu. Mlangoni amekaa mama mmoja wa Rwanda, kibarua wa kahawa huko Ihembe, anamtafuta binti yake aliyeandikishwa wiki ile. Kesho asubuhi malori yangewahamisha watoto mbali, na bila orodha hakuna aliyejua wake yuko kambi gani. Kila saa ananisalimia upya: "Fundi, habari ya kazi?" Nilikereka kweli. Kazi gani, mama, na huoni?

Nikachukua waya, nikaunganisha tundu la nyuma la mashine na kompyuta nyingine ndogo, ili maneno inayoyatoa ikiamka niyasomee huko. Kimya. Nikautukana waya, nikalitukana jenereta. Kumbe nyuzi za ndani, ya kutuma na ya kupokea, zinatakiwa zipishane, mimi nimeunga sawa kwa sawa. Nikakata, nikachomelea upya, nikaunguza kidole.

Maneno yakaanza kushuka. Mashine haikuwa imekufa hata kidogo. Ilisimama katikati ya kuamka, inauliza swali na kungoja jibu, nasi siku zote tatu tunaizima ikingoja. Swali lenyewe: kipande hiki cha kumbukumbu kimeharibika, nikifute?

Kwetu Kanoni tumelelewa hivi: mkubwa akikuuliza, unaitika ndiyo kwanza, sababu utazijua mbele ya safari. Nikabonyeza ndiyo. La pili, ndiyo. Kufika la kumi sisomi tena, nataka iwake tu, potelea mbali. Ikawaka. Nikamwita mama aingie, nimevimba kichwa.

Majina ya miezi ya nyuma yote yapo. Ya wiki ile, yaliyokuwa kwenye vipande vile, hata moja. Nikatafuta tena na tena, jasho linanitoka, naye amesimama nyuma yangu anatabasamu kwa kuona maandishi kwenye ile kompyuta ndogo. Kusoma hajui.

"Yupo?"

"Nimemfuta, mama. Mimi mwenyewe."

Hakunielewa. Akasogea karibu, akaniomba nimwonyeshe kwa kidole jina la mwanawe lilikuwa wapi.